Kujitia Manukato Kwenye Joto la Pwani: Mwili Kwanza, Chupa Mwisho

Februari, kaskazi ikiwa imekolea, panda daladala ya asubuhi kutoka Mbagala kisha vuta pumzi. Utanusa pafyumu nzuri kadhaa, utanusa na jasho, na kibaya zaidi utavinusa vyote viwili vimechanganyika. Watu hao hawakukaa tu. Pesa wametoa, na kabla ya kutoka nyumbani wamejipulizia. Ila wameanzia mwisho.

Manukato pwani yana mpangilio wake, na mpangilio huo ni wa zamani kuliko chupa za kupulizia: mwili kwanza, nguo pili, chupa mwisho. Somo anayemtayarisha bibi harusi, Unguja au Mombasa, hashiki uturi, yale mafuta ya manukato, kabla mwali hajasingwa, yaani kusuguliwa mwili, akatakata na nguo zake hazijafukizwa. Ukiufuata mpangilio huo, pafyumu ya bei ya kawaida itakufikisha jioni. Ukiuruka, hata ile ya laki tano itakuwa imekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Naandika nikiwalenga zaidi wanaoishi kwenye joto: Dar, Tanga, Mombasa, Lamu, Visiwani, na jamaa zetu wa Maskati na Dubai ambako joto ni hilo hilo na zaidi. Wa Arusha, Mbeya na Nairobi wana neno lao huko mbele.

Hatua ya kwanza: ondoa harufu kabla ya kuongeza nyingine

Jasho linapotoka halina harufu ya maana. Harufu huja pale bakteria wanaoishi kwapani wanapolifanyia kazi. Pafyumu haiwaondoi wala haiwafichi, inaleta tu harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na mchanganyiko wake ndio ule wa kwenye daladala. Oga vizuri, sugua kwapa, shingo na nyuma ya masikio, kisha jikaushe kweli kweli. Kunyoa kwapa kunasaidia, maana nywele hushika jasho.

Baadaye paka dawa ya kwapa isiyo na harufu, au yenye harufu hafifu isiyogombana na pafyumu yako. Shabu nayo inafaa sana: lowesha lile jiwe, lipitishe kwapani, acha pakauke. Haina harufu na kipande kimoja hudumu miezi. Ndimu siishauri, hasa kama umetoka kunyoa; itakuwasha, na ukitoka juani ikiwa bado ipo kwenye ngozi inaweza kukuachia mabaka.

Halafu nguo. Polista hushika harufu ya jasho kuliko pamba, hata ikishafuliwa. Shati la polista lenye jasho la juzi hakuna pafyumu ya kulishinda. Liloweke nusu saa kwenye maji yenye siki kidogo, lifue, lianike juani. Likikataa, hilo shati ndilo tatizo lako, acha kununua pafyumu nyingine.

Hatua ya pili: paka mafuta

Ngozi kavu haishiki manukato. Pafyumu ikitua juu yake, spiriti inaruka, mafuta yenye harufu yanabaki hayana pa kujishikiza, na saa moja baadaye unajinusa mkono hupati kitu. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, paka losheni au mafuta mepesi yasiyo na harufu. Pale utakapojipulizia, yaani shingoni, kifuani na kwenye viwiko kwa ndani, ongeza chembe ya Vaseline ukiipaka ikawa nyembamba kabisa. Kwa mtu mwenye ngozi kavu, hatua hii pekee inaonyesha tofauti siku hiyo hiyo.

Mafuta ya nazi ni mazuri ila yana harufu yake. Yanapatana na asumini, langilangi, vanila na sandali. Ukiyawekea pafyumu ya ndimu au ile ya kunukia bahari, utapata kitu kisichoeleweka.

Hatua ya tatu: chagua kulingana na joto na saa

Karibu kila pafyumu ina harufu tatu zinazopokezana. Ya kwanza ni ile inayokurukia ukipulizia tu: ndimu, chungwa, bergamoti, majani. Hiyo huondoka ndani ya robo saa, nusu saa ikizidi. Kisha huja ya katikati, ambayo mara nyingi ni maua au viungo: waridi, asumini, karafuu, langilangi. (Langilangi hiyo ndiyo inayolimwa na ndugu zetu wa Komoro, ambao ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, na imo kwenye Chanel No. 5 iliyotoka mwaka 1921.) Mwisho hubaki zile nzito: udi, sandali, miski, ambari, vanila. Hizo ndizo utakazokuta kwenye nguo kesho yake.

Joto huharakisha mambo yote hayo. Ngozi yenye moto hurusha harufu haraka na mbali. Kwa hiyo pafyumu ile ile iliyokuwa ya upole ukiwa Lushoto inaweza kuwa kero Temeke. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mchana vaa nyepesi: ndimu, chai ya kijani, maua meupe, miski safi. Zile tamu zenye vanila na karameli, au udi mzito, ziache ziingie jioni jua likishazama. Kusi ikifika, Juni hadi Agosti, hewa ikipoa unaweza kujiachia. Mtu wa Arusha au Nairobi ana hali tofauti: baridi huifanya harufu ibaki karibu na mwili, kwa hiyo nzito zinamfaa hata mchana na anaweza kuongeza tone bila kumuudhi mtu.

Chupani soma maandishi madogo. "Parfum" au "Extrait" ndiyo yenye manukato mengi zaidi, kama asilimia 20 na kuendelea. "Eau de Parfum" ni kati ya 15 na 20. "Eau de Toilette" ni 5 hadi 15, na "Eau de Cologne" ni 2 hadi 4 au 5. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni spiriti na maji. Bodi sprei ziko chini kabisa, na ndiyo sababu mtu hujimwagia nusu kopo na bado haikai. Viwango hivi vinatofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini kwa kulinganisha vinatosha.

Uturi ni habari nyingine. Ni mafuta matupu, hauna spiriti. Haurushi harufu mbali, unakaa na ngozi, unapanda polepole kadiri mwili unavyopata joto. Kwa hali ya hewa ya pwani nauona ndio chaguo la busara kuliko yote, na kwa bei pia: kichupa cha mililita tatu ukikitumia inavyotakiwa kinakwenda mwezi na zaidi.

Sasa ununuzi. Kariakoo na Darajani kuna maduka ya pafyumu za kupima: chupa kubwa zimepangwa ukutani, unachagua, muuzaji anavuta kwa bomba la sindano anakujazia kichupa chako. Hapo watu wengi hukosea jambo moja: wananusa kumi kwa mpigo. Ukishapita tatu au nne pua imechoka, haikwambii tena ukweli. Zile buni zinazowekwa kaunta eti zisafishe pua hazina maajabu. Toka nje upate hewa, au nusa nguo yako mwenyewe.

"Dada, hii inakaa siku mbili," atakwambia huku akikupaka mkononi.

"Ahsante kaka, nipake hiyo moja tu. Nakwenda sokoni, nikirudi tutazungumza."

Na kweli nenda. Saa mbili baadaye, ukishapigwa jua na kubeba mifuko, nusa mkono wako. Hicho unachonusa ndicho utakachokuwa nacho kutwa. Kile cha dukani kilikuwa salamu tu. Ukinunua chupa inayosemwa ni orijino, linganisha namba ndogo iliyopigwa chini ya chupa na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha. Zikifanana bado si uthibitisho, maana wanaotengeneza feki nao wanajua kusoma namba, ila umepunguza hatari.

Kama ngozi yako ni nyepesi kuwashwa, tia tone moja kwenye kiwiko kwa ndani usubiri siku moja au mbili kabla ya kujipaka mwili mzima. Na mafuta ya karafuu yasipakwe yakiwa matupu, hata siku moja. Yale yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha makonyo pale Wawi, Pemba, yana kemikali iitwayo eujeno kwa wingi, na ikiwa haijachanganywa inaunguza ngozi. Unapenda harufu ya karafuu? Tone moja kwenye kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi kinatosha.

Hatua ya nne: kujipulizia

Fanya kabla ya kuvaa nguo, mwili ukiwa mkavu na mafuta yakishaingia. Shika chupa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye ngozi. Karibu zaidi utapata dimbwi sehemu moja. Mbali zaidi umenukiza chumba.

Wapi? Pande mbili za shingo chini ya masikio, kifuani, ndani ya viwiko. Ukiwa umevaa gauni au kikoi, nyuma ya magoti napo ni pazuri, kwa sababu harufu hupanda juu ukitembea. Viganja vya mikono naviacha mwisho: tunanawa mikono kutwa, kwa ajili ya chakula, kwa ajili ya udhu, na kila ukinawa unaimwaga.

Kiasi: kwa Eau de Parfum, kwenye joto letu, mara mbili, ukizidi tatu. Eau de Toilette inavumilia nne au tano. Uturi ni mguso mmoja wa kile kijiti cha kwenye kifuniko kila upande wa shingo na mmoja kifuani. Basi. Ukiona umepungukiwa, ni afadhali utoke na kichupa kidogo mkobani uongeze mguso saa nane mchana, kuliko kutoka asubuhi umebeba dozi ya kutwa.

Usisugue viganja. Wengi wanaamini kusugua kunavunja manukato. Hakuvunji kitu, ila kunatia joto, na joto linaifukuza ile harufu ya kwanza kabla hujaifaidi. Ule mtindo wa kupuliza hewani halafu kupita katikati nao waachie wenye matangazo ya televisheni. Nusu inaangukia sakafuni.

Kuna tahadhari mbili. Pafyumu zenye bergamoti na mafuta ya ndimu zinaweza kuifanya ngozi iungue na jua na kuacha mabaka meusi shingoni. Kampuni nyingi hivi sasa huiondoa ile kemikali inayosababisha, lakini kwa mafuta ya kupima huna hakika. Ukijua utakuwa juani, weka mahali palipofunikwa na nguo. Ya pili: spiriti inashika moto. Subiri ikauke kabisa kabla ya kusogelea jiko la gesi, kiberiti, au chetezo, kile chombo cha kufukizia, ambacho tunakuja kukizungumzia.

Halafu kuna mtego wa pua. Dakika kumi au ishirini baada ya kujitia, pua yako inaizoea harufu hiyo na kuacha kukuletea habari. Unadhani imekwisha, unaongeza. Mchana unaongeza tena. Wewe huinusi, ofisi nzima inainusa. Ukitaka kujua kama bado ipo, muulize mtu anayekupenda kiasi cha kukwambia ukweli, au toka nje dakika chache kisha rudi uinuse kola yako.

Hatua ya tano: nguo na chetezo

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo tofauti ya mtu aliyejipulizia na mtu anayenukia ilipo. Kitambaa hakina jasho wala joto la ngozi, kwa hiyo hushika harufu muda mrefu zaidi. Kanzu iliyofukizwa Alhamisi usiku bado inanukia Ijumaa ikielekea alasiri.

Nimeiandika mwisho kwa sababu ina maelezo marefu, lakini kwa mpangilio ule ule nguo zifukizwe kabla hujashika chupa. Kwanza ujue unafukiza nini. Udi wa vipande ni mbao za miti ya jamii ya Aquilaria, inayoota Asia ya Kusini-Mashariki hadi Assam huko India. Mti wenye afya hauna harufu yoyote. Ukishambuliwa na kuvu ndipo hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi, na mbao iliyolowa utomvu huo ndiyo udi. Bei yake unaijua. Udi wa kupika, ule wa Unguja, Mombasa na Lamu, ni vipande au unga wa mbao uliopikwa na shira ya sukari ukatiwa sandali, miski, waridi na siri za mpishi. Huo ndio wa kila siku, na mpishi mzuri anakupa harufu ambayo mbao peke yake haina. Ubani, utomvu wa miti ya Boswellia kutoka Dhofar kule Oman na Somalia, mimi nauacha kwa nyumba na kwa dua. Kwenye nguo unakuwa mkavu mno.

Makaa yawashiwe nje. Tumia mkaa wa kawaida wa mti mgumu, vipande viwili au vitatu. Vile vidonge vya mkaa vinavyoshika haraka vinafaa kwa dharura, lakini vina dawa ya kuwashia. Ngoja viache kutoa cheche na harufu ya baruti kabla ya kuweka chochote. Makaa yakiwa mekundu yote na yameanza kuvaa majivu meupe, tandaza majivu makavu ndani ya chetezo, panga makaa, kisha nyunyiza majivu kidogo juu yake. Majivu hayo ndiyo breki. Bila breki, sukari ya kwenye udi inaungua papo hapo na nguo zako zitanuka karameli iliyoungua.

Weka udi kiasi cha punje ya hindi. Tazama moshi: ukipanda mwembamba, wa kijivu unaoelekea buluu, hapo ndipo penyewe. Ukiwa mzito na mweusi, au pua ikikwambia kuna kitu kinaungua, kisukume kipande pembeni ya kaa kwa kibanio, ongeza majivu, ngoja kidogo. Watu wengi hujaza udi kibao kwa pamoja. Ni hasara. Punje moja, ikiisha nyingine.

Nguo zitundike juu ya tenga au kiti cha kamba, chetezo chini yake, pasipungue shibiri mbili kati ya kaa na kitambaa. Nguo ziwe zimefuliwa na kukauka. Dakika tano hadi kumi kila upande, huku umekaa hapo hapo. Usitoke kwenda kupokea simu. Shifoni na polista ni za kuangaliwa zaidi maana huyeyuka, na kanzu nyeupe ikikaa karibu sana na moshi hupata rangi ya chai. Ukimaliza zikunje zikiwa bado na uvuguvugu, uzifungie kabatini. Kanga na shuka za kitanda ni hivyo hivyo.

Nywele nazo hushika moshi vizuri zikiwa hazijakauka kabisa: inama upande, mtu mwingine akushikie chetezo, kisha funga kilemba cha kanga kwa robo saa. Wale wanaojifukiza mwili kwa kusimama juu ya chetezo wamejifunga kanga wanajua wanachofanya. Kama hukufundishwa na mkubwa, anza na nguo.

Dirisha liwe wazi wakati wote. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa chenye chetezo ni hatari ya kufa, si ya kukohoa tu. Nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu, fukizia barazani. Vyetezo vya umeme vimerahisisha mambo kwa wanaokaa fleti. Harufu yake ni nyepesi kidogo, lakini havina makaa.

Nguo zikishakuwa na udi, pafyumu utakayoongeza iwe ya kupatana nao: waridi, zafarani, sandali, miski, ambari. Ile ya kunukia bahari au tikiti maji isubiri siku nyingine. Ukitaka kupulizia nguo moja kwa moja, pulizia upande wa ndani wa pindo au kola, kamwe si kifuani kwenye hariri. Uturi usiguse kitambaa kabisa. Doa la mafuta ya udi kwenye kanzu nyeupe halitoki kwa sabuni ya kawaida.

Kikuba, kwa usiku wa shughuli

Kikuba, yaani kishada cha maua na majani ya kunukia, si cha kila siku, ila anayeenda arusini bila kukijua anajinyima. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado vitumba, kwa sababu hufunguka magharibi na hapo ndipo hutoa harufu yote. Chukua kiganja kimoja cha vitumba, kishada cha mrehani, petali chache za langilangi au waridi, na kipande cha mkadi ukiupata. Mrehani uwe mgongoni, maua mbele, vikatwe shina lilingane, kisha funga kwa uzi mweupe mizunguko ya kutosha ili visilegee vikinyauka. Nyunyizia marashi ya waridi kidogo. Kibanike kwa pini upande wa ndani wa gauni kifuani, au kichomeke kwenye nywele zilizofungwa.

Kama shughuli ni saa tatu usiku na sasa ni saa kumi na moja, kifunge kwenye kitambaa kibichi ukiweke mahali pa ubaridi. Siyo kwenye friza, petali zitageuka kahawia. Ukivaa kikuba, pafyumu punguza nusu. Chenyewe kinatosha, na mtu aliyeketi jirani yako hatakuwa na ugomvi nacho.

Mahali pa kujizuia

Wodini na kliniki usijitie kitu. Mgonjwa mwenye kichefuchefu au pumu hana pa kukimbilia. Kwenye usaili wa kazi na ofisi zenye kiyoyozi, ambako hewa ni ile ile inazunguka, mguso mmoja. Ndani ya basi la mkoani masaa kumi, hali kadhalika.

Kwa Waislamu kuna mengine yanayojulikana: aliyehirimia hajitii manukato mpaka atoke kwenye ihramu, na mjane aliye eda anayaacha kwa miezi minne na siku kumi. Wanaume Ijumaa wanahimizwa kujitia. Suala la mwanamke kutoka nje ananukia lina maelezo ya masheikh, na katika nyumba nyingi za pwani kina mama huyaweka manukato mazito kwa ajili ya ndani na kwa shughuli za wanawake wenyewe kwa wenyewe, nje wakatoka na usafi na harufu hafifu. Ukialikwa maulidini utapitishiwa chetezo na kunyunyiziwa marashi kwa mrashi. Nenda umejitia kidogo sana, uwaachie wenyeji kazi yao.

Kuhifadhi, na kusafiri nayo

Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoua pafyumu. Chupa inayopendeza dirishani inaharibika dirishani. Iweke ndani ya boksi lake, kabatini, mbali na bafu lenye mvuke, na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Kifuniko kirudishwe kila mara. Ikibadilika rangi sana na kunuka siki au rangi ya kucha pale unapopulizia, imekwisha; usijipake. Uturi nao ufunge vizuri, chupa iwe ya kioo na si plastiki. Udi wa kupika huweka unyevu, kwa hiyo uhifadhi kwenye kopo linalobana, la sivyo sukari itavuta maji na sisimizi watakuja.

Ndegeni, chupa ya kwenye begi la mkononi isizidi mililita 100, hata kama ndani imebaki robo. Wanaangalia ukubwa wa chupa. Zilizobaki zifunge kwa nguo katikati ya begi kubwa, kifuniko kimezungushiwa plastiki. Na kama unatoka Maskati au Dubai umebeba udi, fahamu kwamba miti ya Aquilaria inalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Kwa matumizi binafsi msamaha wa kibali ni hadi kilo moja ya vipande na mililita 24 za mafuta kwa mtu mmoja. Baadhi ya nchi zina masharti yake zaidi ya hapo, kwa hiyo uliza kabla ya kununua, na risiti iwe mkononi ukifika forodhani.